Nyanya za Mama Zilizoota Chumbani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila nionapo mche wa nyanya. Ilikuwa miaka ya themanini, nami ni bibi harusi mgeni hapa Magarini. Kutoka kwetu Kuruwitu nilikuja na mbegu chache za nyanya, zimefungwa kitambaani. Mama yangu alizikausha kwa mkono wake, kisha akafariki. Zikipotea hizo, hakuna nyingine.

Kuku wa mavyaa, mama wa mume wangu, walifukua kila kilichopandwa uani. Basi nikatia udongo na samadi kwenye vifuu vya nazi, nikazisia mbegu zangu chumbani, karibu na dirisha. Majirani wakacheka: bibi harusi analala na shamba. Nikaendelea kumwagilia vifuu vyangu. Asiyejua maana haambiwi maana.

Zikaota, lakini miche ikarefuka, myembamba kama uzi, yote imeinamia dirishani. Siku hiyo nilikaa nikalia. Mavyaa akaingia, akaitazama.

"Hii umeileaje?"

"Nimeificha, mama, jua lisije likaiua."

"Umeidekeza. Itoe asubuhi, jua likiwa bado changa, uirudishe likianza kuchoma. Kesho uizidishie kidogo, hata ilizoee."

"Na kuku je?"

"Kuku ni wangu. Nitapambana nao mimi."

Mwanamke yule, aliyeogopwa kijiji kizima, akawa anakaa uani na fimbo kila asubuhi kulinda vifuu vyangu. Miche ikanenepa. Tulipoihamishia shambani tuliifukia shina hadi karibu na majani, ikatoa mizizi mipya, ikazaa hata matawi yakaegemezwa miti. Majirani wale wale wakaja kuomba mbegu. Mavyaa akawaambia pale mlangoni:

"Muombeni mkaza mwanangu. Mbegu ni za mamake, kazi ni yake."

Nilikuwa nyuma yake, nikisikia. Sijapata kuvishwa dhahabu iliyonipendeza kuliko maneno hayo.

Basi sikia, mwanangu. Kilicho kichanga kihifadhi, usijali vicheko. Lakini usikifungie hata kisilijue jua. Na mkubwa akikuonyesha ulipopungukiwa, mpe kiti, usimpe kisogo. Mola akukuzie kila unachokilea, na mavuno yako yawashibishe hata waliokucheka. Amin.