Mwandiko wa Marehemu Afton

Katika ukoo wa kina Sorensen wa mji mdogo wa Ephraim, jambo lisiloandikwa halikutokea. Ndivyo walivyolelewa. Babu wa babu yao alivuka uwanda akivuta mkokoteni, na kila jioni aliandika mistari miwili kuhusu matope na kuhara. Mpaka leo wajukuu wa wajukuu wake huisoma mistari ile kanisani huku wakifuta machozi. Kwa watu kama hao, kitabu cha kumbukumbu za familia si pambo la mezani. Ni ushahidi. Mtoto ambaye mama yake bado hajazaliwa atakifungua siku moja, aamini kila atakachokikuta humo, na hapatakuwa na mtu wa kumwambia vingine.

RaNae Sorensen alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Ndiyo maana alipofika kwenye ukurasa wake hakuweza kuupita.

Ilikuwa tarehe ishirini na nne Julai, sikukuu ya waanzilishi waliovuka uwanda, na ukoo mzima ulikuwa umekusanyika katika bustani ya mji chini ya kibanda cha mbao. Walikuwa wamekwisha kula nyama ya batamzinga, vile viazi vya jibini ambavyo hupikwa kila akifa mtu, na jeli ya kijani yenye karoti ndani. Kaka yake, Lorin, alikuwa ameomba sala ndefu iliyogusa mvua, wanajeshi, bei ya chakula cha kuku, na mwisho kabisa marehemu mama yao, Afton, waliyemzika Februari. Kisha mke wa Lorin, Janalee, akafungua maboksi.

Kila mtu mzima alipata nakala yake. Na tusimnyime mtu haki yake: kazi ilikuwa nzuri. Janalee ana chumba chini ya nyumba yake kikubwa kuliko jiko la RaNae, kimejaa karatasi zilizopangwa kwa rangi, na mashine ya kukatia iliyokaa katikati ya meza kama askofu. Kila Alhamisi huwafundisha kina mama wa kata yao ya kanisa. Unachora kwenye kompyuta, unabandika karatasi ngumu kwenye mkeka wenye gundi, mashine inauvuta mkeka, na kisu chake kidogo kinakata ulichokichora mpaka ncha ya unyoya. Halafu unaketi na gundi na utepe, unapanga kwa mkono. "Kompyuta inafikiri, mkono unabandika," husema Janalee. RaNae alikwenda mara moja tu. Wifi yake alimkaribisha mbele ya wanawake wote akisema, "Wewe nimekuwekea mikasi ya watoto, usije ukajikata," na RaNae hakurudi tena.

Humo kitabuni hekalu la kanisa lao kule Manti lilikatwa kwenye karatasi moja nyeupe, madirisha yote wazi, na nyuma yake karatasi ya samawati ikawa anga. Batamzinga walikuwa na manyoya ya tabaka nne. Picha ya Afton akiwa msichana, ile iliyopasuka shavuni, ilisafishwa kwenye kompyuta mpaka shavu likarudi. Na chini ya kila picha kulikuwa na maneno kwa mwandiko wa Afton mwenyewe, wino wa bluu, kana kwamba marehemu ameketi akasimulia. Watu walikuwa wanalia. RaNae naye alikuwa karibu kulia.

Ndipo akafungua ukurasa wenye picha yake na mama yake wakiwa barazani. Chini yake palikuwa na karatasi iliyokatwa kwa umbo la nyumba, na juu yake maneno:

*RaNae alirudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika, hana pa kwenda. Nilimpokea. Mlango wa mama haufungwi.*

Alisoma mara ya pili. Kisha akaacha kusoma maneno, akatazama herufi.

Mwandiko ule ulikuwa wake yeye RaNae.

Ukweli ni huu, na Ephraim nzima inaujua ila haiutamki. RaNae alikuwa na mume na nyumba kule Delta. Kiharusi kilipompiga Afton, upande wake mzima wa kulia ukapooza, Lorin alisema ana mabanda ya batamzinga ya kuangalia, na Janalee akasema mgongo wake hauruhusu kuinua mtu. RaNae akaja kwa wiki mbili. Wiki mbili zikazaa miaka. Asubuhi alikuwa anafunga nyama kiwandani, jioni anamwogesha mama yake. Mume wake alisubiri, akachoka, akampata mwingine. Kwa hiyo RaNae hakurudi kwa sababu ndoa ilivunjika. Ndoa ilivunjika kwa sababu alirudi. Aliyegeuza mambo hayo mawili, akaweka la nyuma mbele, amemfanya mbeba mzigo kuwa mzigo.

Na mwandiko? Baada ya kiharusi, bomba lilipasuka ghorofa ya chini, na kisanduku cha Afton cha kadi za mapishi kikageuka uji. Afton aliomboleza kadi zile kuliko alivyoomboleza mkono wake. Basi wakakaa jikoni majira yote ya baridi, mama akitaja mapishi kwa nusu ya mdomo, binti akiandika kadi mpya, wakigombana juu ya sukari. Hakuna hata moja iliyoandikwa na Afton. Hakuwa na mkono wa kuandikia.

Bintiye Lorin, Brynlee, aliinama begani kwake, macho mekundu. "Shangazi, umeona ukurasa wako? Bibi alikupenda jamani."

RaNae akafunga kitabu. "Janalee," akaita, "haya maneno ya mlango umeyatoa wapi?"

"Ni ya Mama."

"Aliyasema lini?"

"Wifi, si lazima neno kwa neno. Ndivyo ambavyo angesema."

"Na mwandiko?"

Janalee alikuwa akilisubiri swali hilo tangu asubuhi, ila si kutoka kwa huyu. Akasimama ili na meza ya mwisho isikie. Siku ya mazishi, akasema, alichukua kisanduku cha mapishi jikoni kwa Mama. Akaziingiza kadi kwenye kompyuta, akachambua herufi moja moja, kubwa na ndogo, mpaka akaupata mwandiko mzima. Kisha akatoa kisu kwenye mashine, akaweka kalamu. "Sasa nikipiga sentensi yoyote, mashine inaiandika kwa mkono wa Mama. Siku ya kwanza nililia, nikashindwa kuendelea." Wanawake wakashusha pumzi. Mmoja akashika moyo.

"Kadi zile niliandika mimi," RaNae akasema.

Janalee akacheka kidogo, akawageukia wengine. "Jua la leo ni kali. Mpeni wifi yangu maji."

"Sina kiu. Nimesema niliziandika mimi."

"RaNae," Lorin akasema kwa ile sauti yake ya kanisani, "tusianze. Ni siku ya familia."

"Sijaanza mimi. Mimi nimeandikwa."

Mama mdogo LaVon, mdogo wake Afton, alikuwa pembeni akijaza mafumbo ya gazeti. RaNae akaichukua kalamu mkononi mwake bila kuomba, akafunua sehemu safi ya karatasi iliyotandikwa mezani, akaandika: *Mlango wa mama haufungwi.* Aliandika kwa kasi, bila kutazama kitabu. Brynlee akasogeza kitabu kando ya maandishi yale. Hakuna aliyehitaji miwani. Mkia wa g ulijikunja kule kule, na i ilikosa nukta pale pale.

"Ni wa RaNae," LaVon akasema. "Afton, Mungu amrehemu, aliandika kama kuku anayekimbia mvua. Mimi nilidhani mashine ndiyo iliyomnyoosha."

Mtu akacheka, akajizuia. Janalee alikuwa mwekundu kuanzia kwenye shingo.

"Haya," Lorin akasema. "Ni mwandiko wako. Hongera. Umeingia kwenye kitabu kuliko sisi sote. Unataka nini zaidi?"

"Kaka, hukuujua mwandiko wangu?"

"Siku hizi nani anaujua mwandiko wa mtu?"

"Kila Novemba umepata kadi ya siku yako ya kuzaliwa kutoka kwa Mama. Ulidhani ule mkono uliokufa unafufuka mara moja kwa mwaka kwa ajili yako?"

Hapo watu wakatazama sahani zao. Sijui kuna aibu gani kubwa kuliko hiyo: dada amekuandikia miaka yote, na wewe umezibandika kadi zake kwenye mlango wa friji ukimshukuru mtu mwingine. Lakini aibu, ikimwingia mtu aliyezoea kuomba sala ndefu, hutoka ikiwa hasira.

"Ulitaka tukupigie makofi?" Lorin akauliza. "Umeishi nyumba ile bila kodi."

"Nimeishi na choo cha Mama. Ungekuja ukae bila kodi wewe."

"Tafadhali, watoto wapo," Janalee akasema. "RaNae, sikiliza. Nimefanya kazi hii miezi. Vitabu vimekwisha kufungwa. Ningeomba mtu ajue thamani ya kitu kabla ya kukitemea mate. Ni sentensi moja tu. Na ilikuwa ya kukupa heshima, kama kweli unataka kujua. Ningeweza kukuacha nje kabisa."

"Uiondoe."

"Siwezi. Nyumba ile imebandikwa juu ya bustani, na bustani imebandikwa juu ya picha. Ukiibandua, ukurasa mzima unachanika."

"Basi andika nyingine."

"Mashine haifuti, wifi. Inaandika tu."

"Vizuri," RaNae akasema. "Hata mimi naandika tu."

Akakaa. Akafungua nakala yake kwenye ukurasa ule, na chini ya nyumba ya karatasi, kwa wino wa LaVon, akaandika: *Si kweli. RaNae alikuja Mama alipopatwa na kiharusi, akamtunza mpaka mwisho. Ndoa yake ilivunjika baadaye. Mama hakuandika neno lolote katika kitabu hiki. Mwandiko wote ni wangu, hata wa uongo. RaNae Sorensen.*

Herufi zilifuatana na zile za juu kama maji ya mfereji mmoja. Kama si jina lililowekwa chini, ungeapa kwamba marehemu amejisahihisha mwenyewe. RaNae aliliona hilo, akaona pia jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kutoliweka jina. Angeweza kumsemesha mama yake lolote, na ukoo ungemwamini. Aliirudia sahihi, akaikandamiza zaidi.

Kisha akanyoosha mkono kwa LaVon. "Mama mdogo, nipe chako."

LaVon akampa.

"Usithubutu," Janalee akasema. "Hiyo kalamu ni ya dukani, wino wake una asidi. Karatasi zangu hazina asidi hata tone. Itazila. Baada ya miaka mia kurasa zote zitakuwa kahawia."

"Kahawia inasomeka."

"Unaharibu kazi ya watu."

"Umeniharibu mimi kwa karatasi isiyo na asidi, ili nidumu nimeharibika."

Akaenda meza kwa meza. Usidhani walimpokea kama shujaa. Binamu mmoja kutoka mji wa Gunnison alimwambia usoni kwamba anajidhalilisha. Mwingine alimpa kitabu huku akitazama pembeni, kama mtu anayetoa sadaka asiyoitaka. Mke wa askofu mstaafu alikifumbata chake akasema atalifikiria; RaNae akasimama mbele yake mpaka alipomaliza kulifikiria. Brynlee alimfuata akimshikia kurasa zisifungwe na upepo, na mama yake akamwita kwa jina lake kamili, mara mbili, naye hakugeuka.

Janalee alirudi kwenye maboksi yake. Alikusanya mifuniko ya maboksi, akaipanga, akaipangua. Alipofikiwa, alikitupa kitabu chake mezani, kikateleza kikagonga bakuli la jeli. RaNae akaandika.

Kilibaki cha Lorin. Alikuwa amekibana kwapani muda wote ule, na dada yake alipokuja na kalamu alikuwa tayari anatembea kuelekea kwenye gari lake la mizigo. RaNae akamfuata mpaka mlangoni.

"Nipe, Lorin."

"Hiki ni changu. Nitakirithisha kama kilivyo."

"Unajua ni uongo."

"Najua ni mama yangu." Akaingia, akakiweka kitabu kwenye kiti cha pili, akakifungia mkanda kama mtoto. "Unataka watu wasome nini? Kwamba mimi sikuja? Ndicho unachotaka kiandikwe?"

"Sijaandika habari zako hata mstari mmoja. Nenda kasome."

Akawasha gari. Shingo yake ilikuwa ya baba yao, nene, yenye mistari ya jua. "Mama angekuonea aibu leo," akasema kupitia dirisha, bila kumtazama.

RaNae akairudisha kofia ya kalamu mahali pake.

"Mwambie mkeo aandike hivyo," akasema. "Mwandiko anao."