Malango Mawili ya Birika

Séverine wa Shanwe hakuficha ni watu gani aliowadharau. Wa kwanza walikuwa mafundi wa programu wanaoandika leo na kufikiri kesho. Hao aliwaita wapiga ramli. Wa pili, mwaka huu, alikuwa Gratien.

Huyo Gratien walisoma naye chuo kimoja, na sasa walipewa kazi moja: malango mawili ya umeme kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, nje kidogo ya Inyonga. Makundi mawili yakikutana ndani, madume hupigana na wachungaji hushikiana fimbo. Kamati ya maji ikataka kompyuta iamue lango lipi lifunguke, na ikasema wazi kwamba majaribio yakishindwa, malango yanang'olewa.

Walikubaliana jambo moja tu: kabla ya programu, waandike kwa hisabati mfumo ufanye nini. Hisabati ipi, hapo ndipo walipogombana. Gratien alishika njia ya seti: unaeleza hali ya malango, unathibitisha kwamba hali mbaya, yaani yote mawili kuwa wazi, haitatokea. Séverine alitaka ile inayoangalia na muda, ambayo kompyuta yenyewe hupitia kila mfuatano wa matukio ikiwinda kasoro. Gratien akasema hiyo ni njia ya wavivu wa kuthibitisha. Kamati ikamchagua Gratien. Alikuwa amevaa tai.

Siku ya majaribio, Mzee Makoye alileta ng'ombe wake lango la magharibi. La mashariki likafunguka kwa kundi la kwanza, likajifunga, likafunguka kwa la pili, kisha la tatu. La Makoye kimya. Jua lilipokuwa kali ndama wake mmoja akalala chini.

Gratien akapekua karatasi zake, akatangaza kwamba hakuna kosa: malango hayajawahi kuwa wazi yote mawili.

"Kwa hiyo, kijana," Makoye akasema, "ng'ombe wangu wanakufa kiu bila kosa?"

Séverine alicheka, kile kicheko chake kibaya. "Kaka Gratien, hata lango lililochomelewa lingefaulu mtihani wako."

Wakalifungua kwa mkono. Mwenyekiti, Mama Dorotea, akampa Séverine hadi kesho yake. Séverine akaongeza sharti ambalo Gratien hakuliandika popote: kila anayesubiri, mwishowe afunguliwe. Kompyuta ikamwonyesha palepale njia mbovu: mashariki, mashariki, mashariki. Akaweka zamu, kompyuta ikaridhika, naye akaja Inyonga kidevu juu.

Lango la magharibi likafunguka. Ng'ombe wa Makoye wakanywa, wakashiba, wakajilaza kando ya birika wakicheua. La mashariki likabaki limefungwa, na waliokuwa nje wakaanza kutukana. Séverine akasoma maandishi yake upya. Alikuwa amechukulia kwamba kundi likishakunywa hutoka. Hakumuuliza mchungaji hata mmoja.

"Dada," Gratien akasema taratibu, "hawa ng'ombe hawajasoma karatasi yako?"

Makoye akapiga mluzi. Wanyama wakainuka, wakatoka, na lango la pili likafunguka. Mama Dorotea akasema malango yabaki wiki moja, na mtu akae hapo na mluzi.

Séverine akamsogezea Makoye kiti, akamwomba aeleze tangu mwanzo ng'ombe hufanya nini wakishashiba. Gratien akasogea asikilize. Séverine akamwambia akatafute kiti chake.