Baba Tuliyemlilia Mara Mbili

Asubuhi ile ya mwaka 1996 baba alikuwa juu ya paa akibadilisha nyasi zilizooza, nami nilikuwa chini nikimrushia mafungu. Mama alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Kijiji chetu kilikuwa Kivu ya Kusini, karibu na ziwa. Baba alikuwa mkulima wa muhogo mwenye ulimi mkali, na siku hiyo alinigombeza kwa kufunga mafungu yaliyolegea.

Milio ya bunduki ilitokea mlimani. Baba akaruka chini.

Alituambia mama na mimi tutangulie. Yeye akaenda kumbeba jirani yetu aliyekuwa mgonjwa.

Tulikimbia. Hakutufikia.

Baada ya safari ndefu mimi na mama tulifika Uganda, tukapewa kiwanja katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Huko mtu wa kijijini kwetu alitukuta, akatuapia kwamba aliona maiti ya baba ufukweni, aliitambua kwa shati. Tukaweka matanga. Wanaume walilala nje wakiota moto, wanawake walipika mahindi yao ya posho, pasta akahubiri juu ya upole wa marehemu. Siku ya kuondoa matanga mama alinyolewa nywele, kama mjane yeyote wa kwetu.

Nywele zilikuwa zimeshaota tena baba aliposhuka kwenye lori la kutoka mpakani Kikagate. Kumbe alivuka ziwa hadi Tanzania, akakaa kambini huko akituulizia kwa kila mgeni. Watu walimkwepa njiani. Mama hakumkimbilia. Alimkalisha, akampa uji, akamtazama mpaka akaumaliza, kwa maana mzimu hauli. Ndipo akalia.

Kesho yake baba alizunguka nyumba kwa nyumba kuwashukuru waliomlilia. Hata yule wa shati alimshukuru, mtu wa watu akaona haya mpaka basi. Pasta peke yake ndiye aliyegombezwa.

“Nani aliambiaka bantu asema mimi siko na hasira?” baba alimwuliza.

Tulicheka kama watu wasiojua vita. Namshukuru Mungu kwa kicheko kile, na kwa miaka iliyokifuata. Baba alilima maharage, akaniozesha kwa fundi cherehani wa Nyamitanga, akawabeba wanangu mgongoni na kuwagombeza kama alivyonigombeza mimi. Wangapi tuliokimbia nao hawakupata hata siku moja ya ziada?

Alifia hospitalini Mbarara, kwa ugonjwa wa moyo, nimemshika mkono. Tulimrudisha Nakivale, na waliokuja kumlilia wengi walikuwa wale wale wa matanga ya kwanza. Mmoja alinong'ona kwamba huyu mzee anatuzoea vibaya, nasi tukatabasamu huku machozi yanatutoka.

Seremala aliposhika nyundo afunge jeneza, mama alisimama.

“Musifunge kwanza,” alisema. “Ile mara ya kwanza sikumuona.”

Walimfunulia. Alimgusa paji la uso, akamgusa mashavu, akakiweka sawa kidevu chake. Hakuna aliyemharakisha. Nilifikiria wanawake wa kijijini kwetu ambao mpaka leo hawajui waume zao walilala wapi, nikaona jinsi tulivyobahatika, na uchungu ukanizidi kuliko mara ya kwanza.

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

“Ni yeye,” alisema. “Mumuzike.”