Kigoda cha Mama Bonifas

Raheli alikaa nyumba moja na mama mkwe wake huko Munisagara miaka kumi na minne, na katika miaka yote hiyo hakukalia kigoda cha mama huyo hata mara moja. Hakukatazwa. Kuna mambo ambayo mwanamke aliyeolewa hahitaji kuambiwa. Kila asubuhi alikiinua kwa mkono mmoja, akafagia, akakirudisha palepale kando ya mlango, na Mama Bonifas akija kukaa alikikuta kinamsubiri. Kilikuwa kigoda cha gogo moja, cha miguu minne, cheusi kwa moshi na jasho la mikono, na katikati kilikuwa na bonde ambalo kijiji kizima kilijua limechimbwa na nani.

Mwezi wa sita Mama Bonifas alipelekwa Morogoro kutolewa mtoto wa jicho. Bonifas, mume wa Raheli, alikuwa Dodoma kwenye kazi za ujenzi, kwa hiyo aliyekuja kumchukua mama ni dada yake Bonifas, Costancia, anayeishi hukohuko Morogoro. Asubuhi ya kuondoka, mama alifungua pindo la khanga, akatoa ufunguo wa chumba chake, akamkabidhi Raheli. Ufunguo ule haukuwahi kulala mkononi mwa mtu mwingine.

"Nakuachia nyumba," alisema.

Raheli alijiona amekua ghafla. Siku mbili nzima alitembea kijijini shingo imenyooka, utadhani kachaguliwa diwani.

Sasa sikieni alichokifanya diwani wetu. Wiki ya pili alipita Ditram, mchuuzi wa pikipiki anayebadilisha vyombo vya plastiki kwa vitu vikuukuu. Kwa kawaida hutaka sufuria zilizotoboka na vyuma chakavu, lakini siku hiyo jicho lake lilitua kwenye kigoda. Akasema kitu kibovu vile hakifai kukaliwa na mgonjwa aliyetoka hospitali. Akashusha stuli mbili za plastiki, za bluu, zinang'aa. Kichwani Raheli alimwona mama akirudi na macho mapya, akiikuta nyumba imependeza, akiwaambia majirani kwamba mkwe wake ana akili. Akakubali. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na ndiyo iliyomponza.

Pikipiki haijavuka hata reli, akaanza kujuta. Kando ya mlango, kwenye sakafu ya udongo, vilibaki vishimo vinne vilivyochimbwa na miguu ya kigoda. Aliweka stuli ya bluu juu yake ili asivione, akawa anaviona vilevile. Usiku alihesabu siku zilizobaki, na chakula kikawa hakipiti.

Alhamisi Costancia akapiga simu. Mama ameruhusiwa, watafika Jumamosi, na anaona mpaka nzi aliye ukutani. Kama Raheli alikuwa na tumaini la kusaidiwa na uoni hafifu wa mama mkwe, lilikufa hapo. Akampigia Ditram, naye akajibu bila wasiwasi wowote kwamba vigoda vyote amemwachia Kondo, mwenye duka la vinyago na vitu vya kale kando ya barabara kuu pale Mikumi. Ijumaa alfajiri Raheli alipanda bodaboda mpaka Kilosa mjini, jogoo kwapani, khanga mpya kwenye mkoba, akawahi basi la kwanza la Mikumi. Njia nzima jogoo alitulia kuliko yeye.

Kondo alikuwa mtu mpole, mwenye maneno mengi. Vigoda vyake alivipanga makundi matatu. Kulikuwa na vya kale kweli, ambavyo waliovichonga hawajulikani tena. Kulikuwa na vya umri wa kati, vya enzi za mashamba ya mkonge. Halafu kulikuwa na vipya vya mwaka huu, vilivyofukizwa moshi na kusuguliwa dawa ya viatu mpaka vikaonekana wazee. Wageni wanavinunua vyote, alieleza, wanaviweka kando ya kitanda na kuweka taa juu yake. Akamfundisha na namna ya kuvitofautisha: cha kale bonde lake haliko sawasawa na nyayo za miguu yake zimelika, kipya ukikinusa kinajitaja chenyewe. Ila vya Ditram vilikuja juzi tu, vikachanganyika na vingine, na kipi kilitoka wapi hakumbuki.

Raheli alichambua mpaka akabaki na vitatu vinavyofanana.

"Vikalie basi," Kondo alimwambia. "Makalio hayadanganyiki."

Raheli alirudi nyuma hatua nzima. Kigoda cha mama mkwe hakikalii, awe Munisagara au Mikumi. Akaamua kuviinua kimoja kimoja, kama alivyozoea asubuhi. Cha kwanza kilikuwa kizito mno. Cha pili kiliingia mkononi kama kimerudi kwao, moyo ukamruka. Lakini alipokiweka kwenye sakafu ya saruji kikacheza, mguu mmoja hewani. Cha mama hakikuwahi kucheza hata siku moja. Akakisukuma kwa mguu kirudi kwa wenzake. Cha tatu kilisimama imara, kimetulia, na kama kilinukia dawa ya viatu kidogo, hofu inajua kuziba pua. Akamwachia Kondo jogoo na khanga, akatoka haraka kabla hajabadili mawazo. Mlangoni alipishana na watalii wanne waliokuwa wakishuka garini.

Jumamosi mama alifika mchana, mkono begani kwa Costancia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kumbe umekonda hivi."

Alitazama kila kitu, kuku, ukuta, paa, bila haraka, na Raheli akamfuata kwa hatua ndogondogo. Kisha mama akaenda kando ya mlango, akakaa. Kigoda kikayumba. Miguu yake ilivitafuta vile vishimo vinne, haikuvipata vyote. Macho mapya hayakuhitajika hapo.

"Hiki si changu," mama alisema.

Raheli alipiga magoti akasema yote, tangu stuli za bluu mpaka jogoo. Costancia alifungua mdomo, mama akamnyamazisha kwa kiganja.

"Huko dukani, hukuona kimoja kinachocheza?"

"Nilikiona mama. Nilikiacha kwa sababu hiyo. Chako hakichezi."

"Changu kina mguu mfupi. Baba yake Bonifas alikichonga mwaka aliponioa, shoka likamponyoka. Mpaka anakufa alikuwa akiuonea haya mguu ule." Mama aligusa kishimo kimoja kwa kidole. "Ni hapa tu hakichezi. Sakafu imekizoea."

Raheli alitamani atukanwe. Matusi angeyavumilia, angelia, yangekwisha. Badala yake mama alinyanyuka polepole, akahamia kwenye stuli ya bluu, akamwonyesha kile kigoda.

"Keti."

Raheli akasita.

"Keti. Hicho si cha mtu."

Akaketi, kwa mara ya kwanza mahali pale, magoti yamebana. Mama alimtazama kwa macho yake mapya muda mrefu, na hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Raheli kuliko vyote.

"Ulikuwa umeshakishika, mwanangu," alisema. "Kesho twende wote, basi la kwanza."

Raheli aliitikia kwa kichwa. Akilini alikuwa akiwaona wale watalii wanne wakiingia dukani kwa Kondo, wakiinama, wakichagua, na kila alipovuta pumzi kigoda kilicheza chini yake.