Jiko la Chuma Lililopakwa Dawa ya Viatu

Tulikuwa wanne pale Korogwe: mimi, mjukuu wangu binti wa mwanangu wa kwanza, mume wake, na muuzaji, ambaye mama yake nilikata naye mkonge. Majina yao ninayo yote, ila siyaandiki, wasije wakaona haya.

Mjukuu alikuwa ameuza mbuzi wake wote Handeni anunue jiko la kuni la chuma, aoke mikate. Lilitoka nyumba ya zamani ya meneja wa shamba. Mume wake akaligonga ubavuni kwa kidole, akajifanya fundi.

"Hiki chuma cha Mjerumani, bibi. Hakifi."

"Na wewe umekijulia kidoleni?"

Mimi weusi wa jiko ulinitia shaka. Jiko lililopikiwa miaka mingi halimeremeti. Nikalifuta kwa pindo la kanga, pindo likatoka jeusi, linanuka dawa ya viatu. Basi nikawasha magunzi na majani mabichi ndani, nikafunga mlango wake. Moshi badala ya kupanda bomba ukatokea ubavuni, kwenye ufa uliozibwa kwa udongo na majivu.

"Hapo ndipo linapopumulia, bibi," akasema muuzaji.

"Mama yako alipumulia pua, na hakuwa mwongo."

Mjukuu akarudisha pesa zake kifuani, tukaondoka. Mume wake alibaki nyuma, bado anagonga.

Kama ufa ulikuwa kushoto nami nakumbuka kulia, mliokuwepo mnisahihishe. Kwenye dawa ya viatu msijisumbue, kanga ninayo.