Gari Lililolelewa Ushirombo

Nakumbuka siku lori liliposimama mbele ya nyumba yetu ya Ibadakuli, Shinyanga, likiwa na gari bovu mgongoni, na mume wangu Masanja akashuka akicheka kama mtu aliyeleta mahari. Mwanangu, mimi nilikuwa bado bibi harusi, kanga zangu hazijapauka, na nilikuwa nikitegemea kabati la vyombo. Nikaletewa gari lisilo na viti wala taa, matairi yamelala, na ndani yake kuku walikuwa wameshajijengea mji. Yai moja lilikuwa bado limo. Nilikaanga, kisha nikaenda kuwatengea chai wapakuzi.

Usilidharau gari lile, lakini. Lilikuwa la marehemu baba mkwe wangu, aliyelinunua wakati pamba ina bei, kwa mhandisi wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa na milango minne kama gari la mkubwa wa ofisi, ila lilitengenezwa kwa mbio: limekaa chini, lina usukani wa mbao na injini yenye kabureta mbili. Watu wa Shinyanga walilijua kwa sauti kabla hawajaona vumbi lake. Baba mkwe alilipenda mno. Kisha siku moja, bila kumweleza mtu, akaliendesha hadi Ushirombo kwa rafiki yake Mzee Luhende, akaliacha uani, akarudi na basi. Hakulitaja tena mpaka alipofariki.

Masanja alikuwa mtoto siku hiyo baba yake aliporudi na basi, na jambo hilo lilimkaa. Alichokitaka si gari tu, alitaka kujua kwa nini. Alizoea kuniambia, "Nikilitengeneza likanguruma kama zamani, nitamwelewa mzee." Mimi sikuona injini inavyoweza kusimulia habari za mtu, lakini mke mpya hasemi kila anachofikiri.

Sasa nisikilize vizuri, maana ninyi mliokulia mjini desturi hii mnaisikia kwa mbali. Kwetu Usukumani mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja. Wengine huwaweka kwa rafiki wa mbali, ili ukame ukipita huku, huko wapone. Anayetunza hunywa maziwa, na maksai humlimia shamba. Ng'ombe akifa, huitunza ngozi ili amwonyeshe mwenyewe kwamba hakumla kwa siri. Na siku mwenyewe anapokuja kuchukua mifugo yake, haanzi kwa kufungua kamba. Hukaa chini, hula, na husikiliza habari zao: huyu alizaa, yule alichukuliwa na fisi. Hapo ndipo hupewa kamba mkononi. Baba mkwe aliliweka lile gari kama ng'ombe, na Mzee Luhende alilipokea hivyo hivyo.

Masanja desturi hiyo aliijua, ila alidhani inahusu vyenye pembe. Alifika Ushirombo akiwa na lori la kukodi, akamkuta mke wa mzee, Mama Limi, peke yake.

"Kaa, baba," Mama Limi akamwambia. "Mzee yuko shamba, nimeshamtumia mtu. Kuku yuko jikoni."

"Lori lina haraka, mama. Nitampigia simu mzee."

Akapakia, akaondoka, na simu hakupiga. Haraka haraka haina baraka, lakini ukiwa kijana msemo huo unauona wa watu wenye magoti mabovu.

Alipoanza kulikagua hapa nyumbani ndipo alipoona mapengo. Kabureta hazipo, usukani wa mbao haupo, redio haipo, betri haipo. Basi akasema kwamba Luhende amelila gari la baba yake. Alisema kwa fundi, akasema sokoni, akasema kilabuni. Ulimi hauna mfupa, na barabara ya kwenda machimboni ina watu kila saa, hivyo maneno yalifika Ushirombo kabla ya wiki kuisha. Kutoka huko halikuja jibu lolote, naye Masanja akauchukua ukimya ule kuwa ushahidi.

Kazi ikaanza uani. Sitakudanganya kwamba ilikuwa ya kupendeza. Sakafu ya gari ilikuwa imeoza, ikakatwa na kuchomelewa bati jipya. Kutu tuliikwangua kwa msasa, na mimi nilipewa milango miwili ya nyuma kana kwamba nimeomba. Injini ilikuwa imeshikana, haizunguki hata kidogo. Jirani mmoja akashauri tulifunge gari kwa maksai wa kulimia walivute likiwa kwenye gia, na Masanja akaanza kutafuta minyororo. Fundi akakataa, akasema tutavunja ringi za pistoni. Alitoa plagi, akamimina oili kwenye matundu yake, akaiacha injini inywe, na kila asubuhi alikuwa akiijaribu kwa spana pole pole mpaka ikalegea. Hapo nilimheshimu yule mtu.

Lakini kabureta za gari lile hazikupatikana Shinyanga, wala Kahama, wala Geita. Masanja akafunga moja ya gari la mizigo. Likawaka, ndiyo. Lilikohoa, likatoa moshi, na kwenye mwinuko wa kuelekea mjini baiskeli yenye magunia ya mkaa ilitupita. Fundi akamwambia, "Kaka, gari hii ilizaliwa na mapafu mawili. Kamuulize yule mzee, labda anajua zilipo."

Nami nilimwambia hivyo hivyo, kwa upole kwanza na baadaye bila upole.

"Nikamuulize mwizi?" alinijibu.

Basi gari likakaa, limepakwa rangi nzuri ya kijani, haliendi popote. Nikalitumia kuanikia mihogo. Misimu ikapita namna hiyo, mpaka tukaletewa habari kwamba Mzee Luhende amefariki.

Msibani huendi kwa sababu mnapatana, unakwenda kwa sababu ni msiba. Tulibeba sukari na mchele tukapanda basi. Baada ya misa na mazishi, watu walipopungua, Mama Limi alimkuta Masanja amesimama karibu na mlango, tayari kuaga.

"Leo utakaa," akamwambia.

Akaweka kigoda, na Masanja akakaa. Kikaletwa chakula, akala. Kisha yule mama akawaita wanawe wakaanza kutoa vitu ghalani. Vilitoka viti, vimeshonewa kwenye magunia. Zikatoka taa. Ukatoka usukani wa mbao, umepakwa mafuta ya mgando. Zikatoka kabureta mbili ndani ya debe la oili, safi kama vyombo vya sikukuu. Akiba haiozi, mwanangu.

"Wachimbaji walipoanza kuzagaa huku wakinunua na kuiba vyuma," Mama Limi alisema, "mzee alivua kila kinachovulika. Betri ilikufa. Ngozi yake hiyo hapo." Akaonyesha betri kuukuu, imepasuka, imetunzwa kwenye kona. "Redio tumesikiliza sisi mpaka ikanyamaza. Hayo yalikuwa maziwa yetu."

Masanja aliinamisha kichwa. "Mbona hakunitumia vitu hivi, mama?"

"Baada ya yale uliyosema? Angevituma, ungesema mwizi ameogopa. Na mwenye ng'ombe hapelekewi kamba, anaifuata."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Yeye alikusamehe siku ile ile, aliporudi kutoka shambani anakimbia akakuta alama za lori. Alikula kuku wako akanyamaza."

Ndipo Masanja akauliza lile alilolibeba tangu utotoni. Baba yake alilileta gari huku kwa nini?

Nilimwonea huruma mume wangu, na yule mama nilimwonea zaidi, maana nadhani angependa awe na jibu.

"Walikaa wawili pale nje tangu asubuhi mpaka jua likakaa utosini," Mama Limi alisema. "Mimi nilikuwa napika, sikusikiliza ya wanaume. Nilipomuuliza Luhende, alisema hilo ni neno la mtoto wa mwenye gari, atampa mwenyewe siku akija kukaa. Ungekaa siku ile, baba, ungelijua."

Tulirudi na vitu vyote. Fundi akafunga kabureta, akazipatanisha kwa sikio, na lile gari likanguruma hadi wazee wa mtaa wakatoka nje, mmoja akavua kofia. Masanja akalipeleka barabara ya Kahama, akarudi nalo likiwa na vumbi hadi paani. Akalizima, akabaki ndani ameshika usukani.

"Linakimbia?" nikamuuliza.

"Linakimbia sana."

"Na mzee umemwelewa?"

"Hapana," alisema. Akashuka, akaenda kunawa mikono.

Mwanangu, hii ndiyo nasaha yangu, nayo si ya magari peke yake. Chuma kilichoshikana hulegea kwa oili na subira, na kisichopatikana leo huenda kimo ghalani kwa mtu unayemtukana. Ila mtu akiondoka na neno lako, hakuna fundi wa kulitoa. Ukienda kuchukua kitu ulichotunziwa, kiwe gari, shamba, mtoto au jina la ukoo, kaa chini kwanza. Kula ulichopikiwa. Acha aliyekitunza amalize habari yake, hata kama lori linapiga honi, hata kama unaona mapengo na moyo unachemka. Uliza kabla hujahukumu, na uliza mapema.

Mungu akupe mikono yenye kazi na masikio yasiyo na haraka. Akujalie marafiki wa kukutunzia ngozi. Na wazee wako, wa damu na wa hiari, awaache hai mpaka umalize kuwauliza.