Jina la Mama Lilipotelea Hewani

Nina diploma ya umeme na elektroniki, na niliitumia miaka mingi huko Doha kabla ya kurudi Saboti na kumjengea mama nyumba ya matofali yenye vigae sakafuni. Hakuna aliyenishika mkono. Karo nilijilipia kwa kuuza vitunguu soko la Kitale, na tiketi ya ndege nikainunua mwenyewe. Kwa hivyo mama aliponiambia redio haishiki stesheni ya Bungoma, nilicheka. Kule hotelini nilikofanya kazi, kila televisheni na kila spika ilipita mikononi mwangu. Redio moja ingenishinda vipi?

Ilinishinda, na mpaka leo sielewi sawasawa ilivyonishinda.

Mjomba, kaka wa pekee wa mama, alikuwa amefariki kwao Bumula. Mwanawe mkubwa, binamu yangu, alipiga simu asubuhi kutujulisha. Mama alilia, akajipangusa macho kwa leso, kisha akasema haendi popote mpaka asikie tangazo. Huku kwetu vifo husomwa redioni kwa lugha yetu. Likishatajwa jina la marehemu husomwa wazazi, wajane, watoto, kaka na dada, kila mtu na mahali anapoishi. Anayetajwa ni wa boma lile. Asiyetajwa, watu wote watajua hakutajwa. Mama na mjomba hawakuwa wamesemezana tangu mjomba alipokosa kuja kumzika baba yangu, na sasa mama alitaka kujua kama watu wa Bumula bado wanamhesabu.

"Lakini si wamekupigia simu?" nikamwuliza.

"Simu hata mlevi anaweza kupiga, baba. Redio inasikiwa na watu wote. Nisiposomwa, nitaketi wapi huko?"

Jioni nilitoa redio niliyokuja nayo kutoka Doha, ile inayoonyesha namba za stesheni kwenye kioo. Namba ilikuwa sahihi kabisa. Kilichotoka ni kwaya ya Uganda, na chini ya kwaya mtu akitangaza mbegu za mahindi kwa lugha yetu, kama aliyefungiwa chumbani. Niliipeleka dirishani, ikanyamaza. Niliipeleka barazani, Bungoma ikaja safi. Nikaiweka kwenye kiti, Bungoma ikaenda. Nikaiinua, ikarudi. Hilo nilisomea: mwili wa mtu unaweza kuwa antena. Lakini mama alipoipokea mkononi, mahali pale pale, kwaya ilirudi. Mwili wake una nini ambacho wangu hauna? Sikusomea hilo.

Nilipanda juu ya nyumba na waya wa shaba, nikaufunga kwenye mhimili wa tangi la maji na kuushusha hadi barazani. Jirani aliniona kutoka shambani kwake.

"Injinia! Unatafuta nini huko juu, paka?"

"Natafuta Bungoma!"

"Bungoma iko huku chini, bana! Panda gari!"

Mama akapaza sauti. "Imeshika! Usishuke! Ukishuka itaenda!"

Basi nikakaa pale juu ya mabati, nimeshika waya. Matangazo ya vifo yakaanza. Nilisikia jina la mjomba, nikasikia mjane wake, watoto wake, kisha kwaya ikapita kama lori. Ilipopungua nikasikia "dada zake," halafu mngurumo wa kinu cha posho, halafu mbegu za mahindi tena.

Nilishuka mbio. "Umesikia?"

"Nimesikia jina langu."

"Mama, sauti ilikatika pale kwa dada."

"Ilikatika baada yangu." Aliitazama redio, kisha akanitazama mimi. "Ama ilikatika kabla?"

Matangazo hurudiwa mchana. Kesho yake nilimwambia tuelekee Bungoma, maana kadiri tutakavyokaribia ndivyo sauti itakavyokuwa safi. Akisomwa tutaendelea mpaka Bumula, asiposomwa tutageuza. Alivaa gauni lake jeusi, akapanda gari langu. Gari lenyewe lilikuwa limetoka Japani juzi tu, na hakuna lingine kama lile Saboti. Tulipopita Kitale niliwasha redio yake. Namba zilipanda, zikafika tisini, zikarudi mwanzo. Nikajaribu tena, zikarudi. Redio za magari ya Japani zimepangiwa stesheni za kwao, na kila anayenunua huwekewa kifaa cha kuzileta zetu. Mimi mwenyewe huwashauri watu wakiweke. Mimi sikuwa nacho, na sikuwa nimejua, kwa kuwa tangu lije nilikuwa nikisikiliza nyimbo zangu za flashi.

"Gari kubwa hivi," mama alisema, "na haina habari ya Bungoma?"

Ile ya Doha, ndani ya gari, ilikoroma tu. Tulipofika Matulo nilisimama kwenye kihoteli kimoja ambapo redio ilisikika hadi barabarani. Tuliingia, tukawasalimu mulembe, tukaagiza chai. Haikupita muda tangazo likaja, safi kama mtangazaji ameketi mezani petu. Mjomba. Wazazi wake marehemu. Mjane. Watoto. Dada zake wawili kwa majina, wa Kimilili na wa Sirisia, "na wengine wengi." Kisha kifo kingine.

Nilikuwa nimetaka sauti safi. Niliipata, na sikujua inasema nini.

"Mama, ni mtu wenu?" mwenye hoteli akauliza.

"Ni ndugu yangu. Sijasomwa."

"Si umesomwa?" alisema mteja mmoja, chapati mdomoni. "Wewe ni wengine."

"Ati wengine! Wengine ni watu ya mbali, wale majina imesahaulika," akadakia mwenzake.

"Nyamaza wewe! Huoni mama ako na msiba?" mwenye hoteli akamkemea.

Mama alimaliza chai yake taratibu. Nilimtangulia garini na kusubiri, sijui kama nigeuze.

"Jana nilisomwa," alisema akifunga mlango.

"Mama, jana hatukusikia vizuri."

"Jana nilisomwa, na leo nimekuwa wengine. Gari inaangalia wapi?"

"Webuye."

"Basi endesha."

Bumula, kabla sijazima injini, alikuwa ameshashuka. Aliweka mikono kichwani, akaingia bomani akilia na kumwita kaka yake. Wanawake walisimama. Mjane alikuja mpaka mbele yake, wakatazamana, na mimi nikashindwa kujua kama anamkaribisha au anamzuia. Kisha akamkamata mabegani, wakalia pamoja, akamketisha kwenye mkeka wa akina dada.

Binamu aliniletea kiti. "Mama yangu alisomwa?" nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"Jana alisomwa, kaka. Leo wamefupisha."

"Una hakika?"

"Kwani hukusikia? Si uko na redio ya Doha?"

Akaondoka kupokea wageni wengine. Uso wake haukuniambia lolote. Ningemfuata nimbane, lakini mama alikuwa ananiita kutoka mkekani, kwa sauti ya kusikika boma zima, nije niwasalimie dada zake.